Kicheko Kinachokwama Kooni: Filamu ya Idi Amin na Watu wa West Nile

Sinema ya majaribio ni ile inayoiacha kwa makusudi njia iliyozoeleka ya kusimulia kisa, ili ichunguze picha na sauti zinaweza kufanya nini zikipangwa vingine. Na nchini Ujerumani, ambako wengi hudhani kwamba sinema hiyo ni ya mawazo mazito tu, ucheshi umekuwa mojawapo ya nyenzo zake tangu mapema. Mwaka 1928 Hans Richter alitengeneza filamu fupi iitwayo Vormittagsspuk, ambamo kofia huruka hewani zikiwakimbia wenyewe, na baadaye Wanazi wakaiharibu nakala yake yenye sauti. Alexander Kluge, mmoja wa waliotia saini tamko la Oberhausen la 1962 lililodai sinema mpya ya Kijerumani, aliuhamishia ucheshi kwenye utulivu: msimulizi wake hutamka jambo la ajabu kwa sauti ya kawaida kabisa, na mtazamaji hubaki akijiuliza kama ameruhusiwa kucheka.

Utulivu kama huo ndio unaoibeba filamu ya 1974 kuhusu Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, Mkakwa ambaye asili ya baba yake ni Koboko, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Filamu yenyewe si ya Kijerumani, kwani ilitengenezwa Ufaransa na Barbet Schroeder, ambaye mama yake alikuwa Mjerumani, kamera ikishikwa na Néstor Almendros. Lakini huenda hakuna filamu nyingine iliyoupeleka ucheshi wa namna hiyo mahali pa hatari zaidi. Schroeder aliiita picha ambayo Amin amejichora mwenyewe, na kweli Amin anaonekana akipiga kodiani, akishindana kuogelea na kuibuka mshindi, kisha akiongoza zoezi la kuiteka milima ya Golan kutoka kwa Israeli kwa askari wachache, huku msimulizi akisema maneno machache mno na kumwachia mwenye sura ajieleze.

Kilele chake ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anazungumza kwa kirefu, mawaziri wanaandika kwa bidii ya wanafunzi wanaomwogopa mwalimu, na mtazamaji, ambaye amekwisha kuzoea kucheka, anacheka tena. Ndipo anapofahamishwa kwamba waziri wa mambo ya nje aliyekuwa akikaripiwa, Luteni Kanali Michael Ondoga, alikutwa amekufa katika Mto Nile muda mfupi baadaye. Ucheshi haukuwekwa hapo kama kiburudisho. Uliwekwa ili mtazamaji ajikute amekaa upande wa waliocheka wakati mtu anahukumiwa, na hilo hotuba ya kulaani isingeliweza kulifanya.

Amin mwenyewe alitambua nguvu hiyo, kwani alipopata habari kwamba watu wa Ulaya wanacheka, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda na kuwalazimisha wamsihi Schroeder aondoe takriban dakika mbili na nusu, ambazo zilirudishwa baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979.

Kwa msomaji wa Arua, mji wa West Nile, jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa Ondoga alikuwa Mlugbara, mtu wa eneo hilohilo, na mwezi uleule alipokufa, Machi 1974, Brigedia Charles Arube, Mkakwa, alikufa katika jaribio la kumpindua Amin. Watazamaji wa mbali waliona mtu mmoja wa kuchekesha. Hawakuona kwamba West Nile nayo ilikuwa ikizika watu wake, wala hawakujua kwamba baada ya 1979 wakazi wake wangekimbilia Kongo na Sudan kwa kulipiziwa kisasi cha mtu huyo, na kwamba mwezi Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, wangeuawa na askari wa serikali. Hapo ndipo upungufu wa filamu hii ulipo, pamoja na ubora wake wote.

Kwa hiyo inafaa ionyeshwe Arua na Koboko, kwa maelezo ya Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, na wazee waliomfahamu Ondoga wapewe nafasi ya kuzungumza kabla taa hazijazimwa.