Kinoo cha babu au kinoo kipya: kipi kinafaa wembe?

PAJULU, Arua

YA KALE ni dhahabu, husema wahenga. Wanaume wanaonyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule ambao mpini wake hufunika makali, wengi wao huamini msemo huo hata kwa jiwe la kunolea. Jiwe lililochimbwa enzi za babu, wanasema, hutoa makali laini kuliko lililotoka machimboni mwaka huu. Wengine huwajibu kwamba jiwe ni jiwe.

Ubishi huo una maana hata hapa Pajulu, pembezoni mwa Arua, ingawa huku kinoo ni cha jembe na panga kabla ya kuwa cha wembe. Nyumbani kuna jiwe lililolika katikati kwa kunoa miaka nenda miaka rudi. Dukani kuna kinoo cha kijivu kilichotoka kiwandani. Kipi kifanye kazi gani? Kwa vinyozi na wateja wao, jibu linagusa afya pia.

Mwamba wa nyumbani

Pajulu iliingia katika Jiji la Arua, upande wa Ayivu, jiji hilo lilipoanza rasmi Julai 1, 2020. Chini ya mashamba yake ya muhogo kuna miamba ya kale mno. Wanajiolojia waliochunguza West Nile karne iliyopita waliyapa makundi mawili ya miamba hiyo majina ya huku huku: moja kwa mlima Wati, jingine kwa Arua. Umri wake unapita miaka bilioni mbili.

Miamba hiyo ilipikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi hadi madini yake yakajipanga kwa mistari ya weupe na weusi. Ndani yake mna chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha jembe. Ndiyo sababu mkulima akimwaga maji juu ya jiwe la namna hiyo na kusugua panga lake, baada ya muda mfupi linakata.

Lakini chembe hizo ni kubwa, nyingine zinaonekana kwa macho. Kila chembe huacha mchirizi kwenye chuma, na mahali mchirizi unapofika ukingoni hubaki jino dogo. Kwa panga, meno hayo ni msaada kwa sababu yanakamata mti. Kwa wembe ni balaa, kwani yanakwaruza ngozi badala ya kukata nywele. Kwa hiyo jiwe la shambani, hata likiwa limerithiwa kwa vizazi vitatu, si jiwe la kumalizia wembe.

Wembe unataka nini

Wembe haunolewi kwa jiwe moja. Kwanza hupitishwa kwenye jiwe la wastani ili pande mbili za makali zikutane sawasawa. Kisha huenda kwenye jiwe laini zaidi la kufuta michirizi ya lile la kwanza. Mwisho huja jiwe la kumalizia, lenye chembe ndogo kabisa. Baada ya hapo wembe husuguliwa kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, ili ukanda usikatwe.

Wembe wa kukunja umetengenezwa kwa namna ambayo ukiulaza juu ya jiwe, mgongo na makali hugusa kwa pamoja. Mgongo ndio unaoshika pembe, kwa hiyo mnoaji hana haja ya kukisia. Sharti lake ni moja: jiwe liwe tambarare. Jiwe lililobonyea katikati hugusa sehemu fulani za makali na kuziruka nyingine, na wembe hutoka mkali huku, butu kule.

Umri wa jiwe ni upi?

Mawe ya asili yenye sifa ya kumalizia wembe yanatoka sehemu chache duniani. Ubelgiji, karibu na mji wa Vielsalm, kuna jiwe la manjano liitwalo coticule. Limejaa chembe ndogo sana za madini ya ganeti, na kwa kuwa tabaka zake ardhini ni nyembamba, mara nyingi huunganishwa na kipande cha mwamba mwingine ili lisivunjike. Bado linachimbwa. Ujerumani, katika eneo la Thuringia, yalitoka mawe laini ya aina ya sleti yaliyouzwa kwa jina la Escher. Hayo hayachimbwi tena, na yaliyobaki hununuliwa kwa bei ya juu. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, kuna jiwe gumu ambalo karibu lote ni silika, nalo linapatikana hadi leo.

Sasa tuchukue mawe mawili ya coticule, moja lililochimbwa mwaka 1900 na jingine la mwaka huu. Tunaliita la kwanza la zamani na la pili jipya. Lakini mwamba wenyewe ulifanyika zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Mbele ya umri huo, miaka mia moja na ushee ni tone baharini. Kukaa kabatini hakupunguzi ukubwa wa chembe. Kama mawe hayo yametoka tabaka moja, tofauti yao haiwezi kuwa umri.

Basi kwa nini ya zamani yanasifiwa? Sababu ya kwanza ni kwamba mawe mabaya yalitupwa zamani. Yaliyotunzwa na kurithishwa ni yale yaliyowaridhisha wenyewe, nasi tunayalinganisha na mapya ambayo hayajachujwa na mtu. Sababu ya pili ni soko. Kabla ya Gillette kuanza kuuza wembe wa kubadilisha mwaka 1903, wembe wa kukunja ulikuwa wa kila siku, na wachimbaji walikuwa na wanunuzi wengi waliojua kuchagua. Sababu ya tatu ni uhaba: machimbo yakifungwa, bei hupanda, na bei ikipanda watu huona ubora umepanda nayo.

Jiwe la zamani lina hatari zake pia. Huenda limebonyea, limelowa mafuta ya miaka mingi, lina ufa usioonekana, au limebandikwa jina lisilo lake. Jiwe jipya la machimbo hufika likiwa tambarare, na muuzaji wake yupo wa kuulizwa.

Vinoo vya kiwandani

Mwaka 1891 Mmarekani Edward Acheson, akifanya majaribio kwa tanuri la umeme, alipata madini magumu aliyoyaita carborundum. Vinoo vingi vya kijivu madukani ni vya ukoo huo. Faida yake ni kwamba kiwanda huchekecha chembe kabla ya kuziunganisha, hivyo zinalingana, na namba iliyoandikwa hukueleza ukubwa wake: namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Kile cha bei nafuu chenye pande mbili kinafaa kisu cha jikoni na panga. Kwa wembe hata upande wake laini bado ni mkali mno.

Anayetaka kulipima jiwe, la zamani au jipya, aanze na mambo matatu. Aweke ukingo wa rula juu yake na kuangalia kama mwanga unapita chini. Apitishe ukucha kuhisi kama kuna chembe kubwa au ufa. Kisha alitie maji na kupitisha wembe mara chache: maji yakigeuka ya kijivu, jiwe linakula chuma. Lililobonyea husawazishwa kwa msasa wa karatasi uliowekwa juu ya kioo, pamoja na maji. Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao kabla ya karatasi hiyo kufika.

Jiwe haliui virusi

Kinyozi hajinyoi, lakini mwenye wembe wa kukunja hujinyoa mwenyewe nyumbani, na huko ndiko mahali pake. Kwenye kiti cha kinyozi mambo ni tofauti. Wembe unaweza kumalizwa kwa jiwe bora kuliko yote duniani na bado ukabeba damu ya mteja aliyetangulia. Kunoa hakuondoi virusi, wala ukanda wa ngozi. Ukanda ukitumika kwa wateja wote, nao unaweza kuchafuka.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa mtu mzima mmoja kati ya kumi nchini Uganda alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na hali ilikuwa mbaya zaidi kaskazini kuliko kusini. Virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Watoto walianza kuchanjwa mwaka 2002, kwa hiyo wengi wanaokaa kwenye kiti cha kinyozi leo walizaliwa kabla ya chanjo hiyo. Arua ni njia panda. Vurra inaelekea Kongo, Koboko na Oraba zinaelekea Sudan Kusini, na kiti kimoja cha kinyozi kinaweza kukaliwa na raia wa nchi tatu za Jumuiya kwa siku moja.

Kwa kinyozi, basi, kanuni ni wembe mpya wa kubadilisha kwa kila mteja, unaofunguliwa mbele ya macho yake. Mteja asione haya kuudai, na ambaye hajachanjwa aulize kituo cha afya.

Anayenyoa nyumbani kwa wembe wake peke yake anaweza kuendeleza ubishi wa mawe. Akiwa mgeni wa kazi hii, aanze na jiwe jipya, tambarare, ambalo chembe zake zinajulikana. Akirithi la babu, alipime kwanza. Likiwa laini, alisawazishe na kulitumia. Likiwa na chembe kubwa, libaki karibu na mlango, maana jembe nalo linahitaji kinoo.