Bei ya Mdakaji Asiyedaka

Wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza wanaijua faida ya kiungo anayesogezwa mbele: bao lake lina pointi 5, la mshambuliaji lina 4, hata kama wote wawili wamefunga kutoka eneo lilelile. Fantasi ya besiboli ya Marekani inakwenda mbali zaidi. Huko mchezaji mmoja anaweza kuruhusiwa nafasi mbili, tatu hata nne kwa wakati mmoja, na mwenye timu huamua ampange ipi. Uhuru huo umezaa imani kwamba nafasi zikiwa nyingi mbele ya jina la mchezaji, bei yake kwenye mnada wa kugawana wachezaji nayo lazima ipande. Naipinga imani hiyo. Mchezaji kiraka apimwe kwa nafasi yake moja tu, ile yenye uhaba mkubwa wa wapigaji wazuri; hizo nyingine ni nyongeza ndogo, na mara nyingi watu huzilipia kupita kiasi.

Uhaba huo unatokana na jinsi mchezo wenyewe ulivyopangwa. Tangu Daniel Okrent na wenzake walipouanzisha New York mwaka 1980, fantasi ya besiboli imetumia takwimu halisi za wachezaji, na katika mfumo uliozoeleka leo wapigaji hushindanishwa kwa mambo matano: wastani wa kupiga, homurani (mipigo inayovuka uzio wa uwanja), mikimbio anayofunga mchezaji, mikimbio anayowawezesha wenzake kuifunga, na beisi anazoiba (vituo anavyovikimbilia bila kusubiri mpigo wa mwenzake). Umahiri wa ulinzi hauhesabiwi. Chukua basi ligi ya timu 12, kila timu ikitakiwa kuwa na wadakaji wawili na wachezaji watano wa uwanja wa nje. Zitachukua wadakaji 24 na wachezaji 60 wa nje. Lakini klabu za ligi kuu ya besiboli ni 30 tu, kila moja ina mdakaji mmoja wa kutegemewa, na huyo huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, magoti yakaumia, hivyo hupumzishwa mara kwa mara katika msimu wa mechi 162. Mdakaji wa 25, yule unayeweza kumwokota bure, ni mtu anayecheza mara chache na kupiga vibaya. Mchezaji wa nje wa 61 bado ana mechi nyingi na homurani kadhaa. Thamani ya yeyote ni kile anachokizidi huyo wa bure katika nafasi yake, kwa hiyo takwimu zilezile zinaweza kuwa za thamani kubwa upande mmoja na za kawaida upande wa pili.

Sijui mfano ulio wazi kuliko Daulton Varsho, ambaye hata jina lake alipewa kwa heshima ya mdakaji, Darren Daulton wa Philadelphia Phillies. Mwaka 2022, akiwa na Arizona Diamondbacks, alicheza mechi 151, akapiga homurani 27, akaiba beisi 16, kwa wastani wa .235. Kwa mchezaji wa nje hizo ni namba nzuri zisizomshtua mtu. Kwa mdakaji ni jambo adimu sana: mwaka huo J.T. Realmuto wa Phillies aliiba 21, lakini hao wawili walikuwa jamii ya peke yao, kwani wadakaji wengi huiba beisi chache mno. Desemba 2022 Varsho akahamishiwa Toronto Blue Jays. Klabu hiyo ilikuwa na wadakaji wake, ikampeleka nje moja kwa moja. Ligi nyingi za fantasi, hata hivyo, humruhusu mtu kupangwa katika nafasi aliyoicheza walau mechi 20 msimu uliotangulia, na yeye alizidisha hapo. Msimu wa 2023 ukawa hivi: kwenye karatasi ya fantasi ni mdakaji, uwanjani ni mchezaji wa nje mwenye magoti mazima, mechi 158. Wastani ulishuka hadi .220, homurani zikawa 20, na beisi zilizoibwa zikabaki 16.

Kuna anayepinga kwa kuutaja wastani huo, na hoja yake ina uzito kuliko inavyoonekana. Wastani mbovu wa mtu anayepiga kila siku huivuta chini timu nzima kuliko wastani uleule wa mdakaji anayecheza mechi 90. Wingi wa mechi ulioongeza homurani ndio huohuo uliozidisha hasara. Hata hivyo hasara hiyo iko kwenye jambo moja kati ya matano. Manne yaliyobaki ni ya kujumlisha, na kila mechi ya ziada huyaongezea. Punguza bei kidogo, usimwache.

Pingamizi la pili ni kwamba nafasi nyingi ni kinga: akiumia mmoja, kiraka anaziba pengo. Kweli, hasa kwenye ligi za kupanga kikosi kila siku zenye benchi fupi. Lakini kinga hiyo huokoa nafasi moja ya benchi, basi. Mtazame Mookie Betts wa Los Angeles Dodgers, aliyecheza beisi ya pili na uwanja wa nje mwaka 2023 na kumaliza na homurani 39 na wastani wa .307. Huyo angegombaniwa hata kama angekuwa na nafasi moja tu. Anayempandishia bei kwa sababu ya ile ya pili ananunua kitu ambacho gongo la Betts lilikuwa limekwisha kumpa.

Ruhusa ya nafasi pia huisha, na wenye ligi za kubaki na wachezaji mwaka hadi mwaka ndio huumia zaidi. Kufikia 2024 Varsho alikuwa mchezaji wa nje pekee. Alipiga .214 na homurani 18, akashinda Glavu ya Dhahabu kwa ulinzi wake katikati ya uwanja wa nje. Tuzo hiyo haina pointi, ingawa ulinzi kama huo humfanya kocha aendelee kumpanga hata gongo linapopoa, na mechi hizo zina bei yake kwenye ligi za timu 15. Kwenye ligi ya timu 10, mpigaji wa nje wa .214 hupatikana bure baada ya mnada.