Kompyuta Mpakato Angani: Kwa Nini Betri Husafiri na Mwenyewe

Mwalimu wa sekondari wa Kishapu anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege aweza kupanda basi pale Maganzo, kwenye barabara kuu itokayo Shinyanga, akashuka Mwanza na kuelekea uwanja wa ndege. Mkobani ana kompyuta mpakato iliyohifadhi maksi za wanafunzi wa mwaka mzima. Penye ukaguzi huambiwa aitoe. Akitaka kuitia katika sanduku litakalokwenda kwenye shehena, hutakiwa aizime kabisa. Na akiwa na betri ya akiba, hutakiwa aichukue mkononi. Abiria wengi hutii bila kuuliza. Wengine hudhani kuwa kinachoogopwa ni mawimbi ya redio, au kwamba maandishi yaliyomo yatafutika. La hasha. Jambo kubwa linaloogopwa ni nishati iliyoshindiliwa ndani ya betri.

Hofu hiyo haikuwako tangu mwanzo. Osborne 1, iliyotoka mwaka 1981 na kuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza kuuzwa kwa wingi kwa wasafiri, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na iliundwa ienee chini ya kiti cha ndege. Haikuwa na betri ya kuiendesha. Ilihitaji umeme wa ukutani. Kwa hiyo angani ilikuwa mzigo tu, salama kama mfuko wa mtama. Mabadiliko yalikuja mwaka 1991, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za ioni za lithiamu. Wataalamu watatu walioziasisi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, nao waliistahili.

Mwanafunzi aweza kuikadiria nishati hiyo kwa hesabu anayoijua. Betri iliyoandikwa volti 11.1 na miliampea-saa 4,400, yaani ampea-saa 4.4, ina wati-saa 48.8. Wati-saa moja ni jouli 3,600. Basi betri hiyo ina jouli zipatazo 176,000. Kama pasingekuwa na upotevu wowote, nishati hiyo ingetosha kuuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 hadi kimo kinachozidi mita 350. Ikitoka kidogo kidogo, humpatia mwenye kompyuta saa kadhaa za kazi. Hatari huja inapotoka yote kwa mara moja.

Ndani ya kila seli ya betri mna bamba mbili, hasi na chanya, zilizotenganishwa na utando wa plastiki ambao unene wake ni kama sehemu 2 kati ya 100 za milimita. Kiowevu kinachopitisha ioni si maji, bali ni kemikali inayoshika moto kwa urahisi. Utando ukitoboka, kwa kupondwa, kwa kasoro ya kiwandani au kwa kuchajiwa kupita kiasi, hutokea shoti ndani ya seli. Shoti huzaa joto; joto huharakisha mabadiliko ya kikemia; mabadiliko hayo nayo huzaa joto zaidi. Katika aina nyingi za betri hizi bamba chanya huachia oksijeni yake lenyewe, na seli moja ikishawaka huipasha jirani yake mpaka nayo iwake.

Hapa ndipo penye kiini cha kanuni. Sehemu ya shehena katika ndege kubwa za abiria huwa na mitungi ya gesi ya haloni. Gesi hiyo huzima miali, lakini haiipozi seli, na seli isiyopozwa huendelea kuchemka na kuwasha nyingine. Kinachofaa ni maji mengi, yamiminwe mpaka betri ipoe. Kuifunika kwa blanketi au kwa barafu ni kosa, maana joto hufungiwa ndani. Katika chumba cha abiria moshi huonekana mara moja, na mhudumu mwenye maji yu karibu. Chini kwenye shehena hakuna mtu. Ndiyo maana betri za akiba na pawabanki haziruhusiwi kabisa katika mizigo ya chini.

Afrika Mashariki imeonja tatizo hili. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 787, ilishika moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Chanzo hakikuwa kompyuta, bali betri ndogo ya lithiamu, ya aina isiyochajiwa, iliyokuwa katika chombo cha kutoa ishara ndege ianguapo. Wachunguzi walikuta nyaya zake zimebanwa chini ya kifuniko. Betri hiyo ilitosha kuunguza paa la ndege karibu na mkia.

Kisa cha pili ni cha namna nyingine. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilitobolewa ubavu na bomu, ambalo wachunguzi walisema lilifichwa katika kompyuta mpakato. Ndege ilikuwa haijafika kimo chake cha safari, hivyo tofauti ya kanieneo baina ya ndani na nje haikuwa kubwa. Ilirudi ikatua salama. Aliyekufa ni yule aliyeshukiwa kulibeba bomu.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi 2017, Marekani ilipiga marufuku kompyuta katika chumba cha abiria kwa ndege zitokazo viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika ya Kaskazini, vikiwemo Dubai na Doha, ambako abiria wengi wa Dar es Salaam hubadilishia ndege. Kompyuta zote zikashushwa kwenye shehena. Uingereza nayo ilitoa marufuku yake, lakini orodha yake haikuwa na Dubai wala Doha. Basi kutoka kiwanja kilekile, aendaye London alibaki na kompyuta yake na aendaye New York akanyang'anywa. Mwezi Aprili shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, lilitahadharisha juu ya hatari ya kurundika betri mahali pasipofikika. Majaribio ya Marekani yenyewe, yaliyotangazwa baadaye mwaka huohuo, yalionyesha kuwa kompyuta ikiwaka sandukuni karibu na kopo la dawa ya nywele ya kupuliza, mlipuko waweza kuishinda haloni. Marufuku ya Marekani iliondolewa katika viwanja vyote 10 kabla ya Julai kwisha, baada ya ukaguzi kuimarishwa. Ni haki kusema kwamba walioitunga waliitazama hatari moja na kuigeuzia mgongo nyingine.

Kanuni za kimataifa huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100 bila kibali. Kati ya 100 na 160 kibali cha shirika la ndege huhitajika. Zaidi ya hapo hairuhusiwi kwa abiria. Pawabanki ya miliampea-saa 20,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74. Ile ya 30,000 ni 111, nayo imevuka mpaka. Ile isiyoandikwa chochote yaweza kuzuiliwa.

Kuhusu maandishi, msomaji na atulie: eksirei haiyafuti. Diski ya zamani inayozunguka hutegemea hewa ili kichwa cha kusomea kielee juu yake, na kwa kawaida hutengenezwa kuhimili hadi kimo cha mita 3,000. Hewa ya ndani ya ndege haiachwi ipungue kupita ile ya mita 2,400 hivi. Mtikiso wa barabara za vumbi huitesa diski hiyo kuliko safari nzima ya angani.

Linalowahusu zaidi watu wa nchi yenye joto kama Shinyanga ni betri iliyochakaa. Joto huizeesha, vumbi huziba matundu ya kupozea, na betri ya bei rahisi iliyobadilishwa mtaani huenda haina kidhibiti cha kuzuia chaji kupita kiasi. Kompyuta ambayo kifuniko chake hakifungi sawasawa, au inayoyumba mezani kwa kuwa tumbo limevimba, haifai kupanda ndege, chini wala juu. Betri itolewe na fundi, isitobolewe wala kubanwa.

Na ndani ya ndege, simu ikiteleza katikati ya viti, kiti kisisogezwe wala kulazwa, kwa kuwa vyuma vyake vyaweza kuiponda betri. Aitwe mhudumu.