Minyoo Ileile, Maini Tofauti: Fumbo la Kangundo na Kambu

Kinga na Maradhi, Sehemu ya 2

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi surua inavyofuta kumbukumbu ya kinga ya mtoto, hata maradhi aliyokwisha kuyashinda yanampata upya. Safari hii ni zamu ya ugonjwa wa tabia nyingine kabisa. Surua huja kwa kishindo na kuondoka baada ya majuma machache. Kichocho, ambacho wengi hapa Kenya hukiita bilhazia, huingia kimya kimya na kukaa mwilini kwa miaka.

Msomaji wa Machakos ana sababu ya pekee ya kufuatilia habari hii. Sehemu kubwa ya yale ambayo wanasayansi wanayajua leo kuhusu kinga ya binadamu dhidi ya kichocho ilichimbuliwa katika vijiji vya iliyokuwa Wilaya ya Machakos, kutokana na damu, kinyesi na subira ya wanafunzi wa shule za msingi na wazazi wao. Wengi wao sasa ni watu wazima wenye wajukuu, na huenda hawajawahi kuelezwa walichoufundisha ulimwengu.

Katika miaka ya 1980 Wilaya ya Machakos ilikuwa kubwa kuliko kaunti ya sasa, kwa kuwa Makueni haikutengwa hadi 1992. Ilianzia nyanda za juu za Kangundo, penye ubaridi, matuta na mibuni, ikashuka hadi Kambu, kwenye joto la barabara ya Mombasa kati ya Makindu na Mtito Andei. Sehemu zote mbili zilikuwa na kichocho cha matumbo, kisababishwacho na Schistosoma mansoni. Watafiti waliofanya kazi huko walikuwa wa kitengo cha Wizara ya Afya kinachoshughulikia magonjwa yaenezwayo na wadudu, akiwemo John Ouma, na wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), na wenzao kutoka Uingereza kama Anthony Butterworth wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kazi yenyewe haikuwa ya fahari. Kipimo kinachotumika sana, kiitwacho Kato-Katz, huanza na mtoto kuleta kinyesi kidogo kwenye kikopo. Fundi wa maabara hukisukuma kwenye wavu mwembamba ili makapi yabaki, akajaza kilichopita katika tundu la kibao linaloshika miligramu 41.7, kisha akakiweka juu ya kioo na kukifunika kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini. Baada ya hapo ni kuinamia hadubini na kuhesabu. Yai la mansoni halifichiki kwa mtu mwenye jicho zoefu, maana lina mwiba mmoja mnene uliochomoza ubavuni. Idadi iliyopatikana huzidishwa kwa 24, na hayo ndiyo mayai yaliyomo katika gramu moja.

Hatua ya pili ni tumbo. Mtoto hulala chali, magoti kayakunja, na daktari huweka vidole chini ya mbavu za kushoto na kumwambia avute pumzi. Wengu wa mtoto mwenye afya kwa kawaida hauguswi hivyo, kwani umejificha nyuma ya mbavu. Uliovimba hushuka pamoja na pumzi na kugonga ncha za vidole. Upande wa kulia hupimwa ini kwa namna hiyohiyo.

Hesabu za hadubini na za vidole zilipowekwa pamoja, zilikataa kupatana. Mnamo 1991 timu hiyo ilichapisha taarifa iliyoonyesha kuwa watoto wa Kangundo na wale wa Kambu walikuwa na mzigo wa minyoo unaokaribiana, lakini ini na wengu vilivyovimba vilionekana kwa wingi Kambu na kwa uchache Kangundo. Ikiwa ugonjwa ni mnyoo, na minyoo ni ileile kwa wingi uleule, mbona maini hayafanani?

Ili kulielewa jibu, inafaa kwanza kufahamu mnyoo huyu anafanya nini. Konokono wa maji baridi wa jamii ya Biomphalaria hutoa lava wadogo wenye mikia ya panda, nao hupenya ngozi ya yeyote anayeoga, kufua au kuteka maji. Ndani ya mwili hukomaa, dume na jike wakashikamana, wakafanya makao katika mishipa ya damu inayozunguka matumbo. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu yuko karibu zaidi ya nguo, kwani hujipaka molekuli za mwenyeji wake mpaka askari wa mwili wakampita bila kumtambua. Kwa wastani huishi kati ya miaka 3 na 10, na wako waliopatikana hai baada ya miaka zaidi ya 30.

Mnyoo mwenyewe haui. Kinachodhuru ni mayai. Jike mmoja anaweza kutaga hadi 300 kwa siku. Yapata nusu hutoboa ukuta wa utumbo na kutoka na choo, na mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika mishipa myembamba. Hayana pa kwenda. Hapo kinga huyazingira kwa chembe nyeupe za aina nyingi, zikiwemo eosinofili na makrofaji, na kujenga kifundo kinachoitwa granuloma. Hiyo ndiyo inflamesheni, yaani ule mwitikio wa mwili unaoleta uvimbe, joto, wekundu na maumivu mahali palipovamiwa. Yai hufa baada ya majuma machache. Kovu hubaki. Makovu yakirundikana kwa miaka, damu itokayo matumboni hukosa njia ndani ya ini, shinikizo hupanda, wengu hujaa, na mishipa ya koo la chakula hutanuka. Siku mshipa mmoja ukipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi na anaweza kufa kabla ya kufika hospitalini.

Basi anayelijeruhi ini ni mwili wenyewe ukijitetea. Mtu angeweza kudhani kwamba kinga ingenyamaza kabisa, mgonjwa angepona. Sivyo. Panya wa maabara walionyimwa chembe za T, ambazo ndizo zinazoongoza mashambulizi hayo, hufa mapema kuliko wenzao, kwa sababu sumu inayovuja kutoka kwenye yai huua chembe za ini zilizo jirani ikiwa hakuna granuloma ya kuizuia. Upo pia ushahidi kutoka Kisumu. Mnamo 1997 Diana Karanja wa KEMRI na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wa kichocho walioishi pia na virusi vya UKIMWI walitoa mayai machache kwa choo kuliko wengine. Yai linahitaji inflamesheni ili lipenye utumbo na kutoka. Kinga inapodhoofika, hata njia ya kutokea huziba. Inashangaza kuona uhusiano wa kiumbe na adui yake ukifungamana kiasi hiki, kila mmoja akitegemea hatua ya mwenzake.

Kinachotakiwa basi ni kipimo. Mwili unaostahimili vyema hujibu kwa nguvu ya kutosha kulizuia yai, kisha hushusha sauti. Kazi hiyo ya kupandisha na kushusha hufanywa na saitokini, kemikali ambazo chembe za kinga hutumia kupeana amri. Mnamo 1998 Joseph Mwatha wa KEMRI na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu za watu wenye kichocho kutoka eneo hili. Wale ambao ini na wengu vilikuwa vimevimba walikuwa na wingi wa TNF na gama-intaferoni, saitokini mbili zinazochochea inflamesheni, huku IL-5, inayoambatana na mwitikio wa kawaida dhidi ya minyoo, ikiwa chini. Kwa maneno mengine, miili yao ilikuwa ikipigana na yai kwa silaha za vita vingine.

Vita gani? Hapa ndipo joto la Kambu linapoingia. Kangundo iko juu na malaria huko ni haba. Kambu iko chini, na mbu wa anofelesi hupata msimu wa kuzaana. Watafiti walipima katika damu ya watoto kingamwili zinazoonyesha kuumwa mara kwa mara na mbu wenye vimelea vya malaria, wakalinganisha na ukubwa wa wengu na ini. Taarifa zilizotoka 2004, na nyingine ya 2007, zilionyesha kuwa maradhi haya mawili yakikutana kwa mtoto mmoja huzidishiana makali. Hata ndani ya eneo dogo, mahali nyumba ya mtoto ilipo palikuwa na uzito wake, kwa sababu umbali wa kilomita chache ulitosha kubadilisha kiasi cha minyoo na malaria aliyokutana nayo.

Na watoto hao hawakuwa wamelazwa. Walikuwa darasani. Wengi hawakuwa na homa siku walipopimwa, wala mzazi hakuwa na sababu ya kuwapeleka kliniki. Malaria hii ya chini kwa chini, isiyotetemesha wala kutapisha, ilikuwa ikiiweka kinga katika hali ya tahadhari mwaka hadi mwaka, na yai la kichocho lilipofika kwenye ini lilikuta moto umekwisha kuwashwa.

Ushahidi mzito zaidi ulitokana na tiba. Watoto walipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kufuatiliwa kwa miaka 3. Kwa kawaida minyoo ikiondolewa, ini na wengu vya mtoto hurudi polepole, kwa kuwa makovu yake bado ni machanga. Lakini waliokuwa wakikabiliwa zaidi na malaria hawakupata nafuu kamili. Kidonge kilifanya kazi yake, ugonjwa ukabaki.

Kuna upande mwingine wa habari ya Machakos ulio wa kutia moyo. Kabla ya fumbo la Kambu, Butterworth, Ouma na wenzao walikuwa wamewatibu wanafunzi wa Iietune, kisha wakaweka waangalizi wa kuandika nani anaingia mtoni, kwa muda gani na kufanya nini. Baadhi ya watoto waliambukizwa tena upesi, na wengine, ingawa walizidi kuyaingia maji yaleyale, hawakuambukizwa kwa kiasi hicho. Wakubwa walikuwa na kinga zaidi kuliko wadogo. Uchunguzi uliofuata, hapa Machakos, Gambia na Brazil, uliihusisha kinga hiyo na kingamwili ya aina ya IgE, ileile inayowaletea watu wengine pumu na mafua ya mzio. Kinga hiyo hujengeka taratibu mno, pengine kwa kuwa mwili hujifunza hasa pale mnyoo anapokufa na kumwaga vilivyofichwa ndani yake, naye hafi haraka. Dawa huharakisha somo. Waosha magari wa Kisumu, waliotibiwa na kuambukizwa mara nyingi wakiwa kazini ziwani, walionyesha jambo hilohilo: baadhi yao hatimaye walianza kustahimili.

Kadhalika mnyoo huacha alama yake kwenye kinga hata kwa mambo yasiyomhusu. Ili aishi miaka, humshawishi mwenyeji wake kupunguza ukali. Utafiti mkubwa wa Entebbe, Uganda, ulioandikisha wajawazito zaidi ya 2,500 kati ya 2003 na 2005, uligundua kuwa watoto ambao mama zao walipewa dawa ya minyoo iitwayo albendazole wakati wa ujauzito walipata ukurutu wa ngozi zaidi kuliko wale ambao mama zao hawakupewa. Hakuna anayependekeza wajawazito waachiwe minyoo. Lakini ni wazi kwamba kinga ya Mwafrika Mashariki imekua pamoja na wageni hawa, na kuwaondoa huibadilisha.

TNF, ile saitokini iliyojaa katika damu za wagonjwa wa ini, haiishii kwenye minyoo. Mnamo 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, nchini Marekani, waliikuta ikitengenezwa na mafuta ya panya wanene, na ikizuia insulini kufanya kazi. Mtu mwenye kitambi kikubwa anaweza kuwa na inflamesheni hafifu isiyozimika, ingawa hana kimelea hata kimoja. Kwa hiyo mkulima wa Kambu mwenye wengu uliovimba na mfanyabiashara wa mjini Machakos mwenye kisukari wanaugua kwa njia zinazokutana mahali fulani ndani ya damu, jambo ambalo mgawanyo wa kliniki zetu hauruhusu kuonekana.

Mgawanyo huo unastahili kusemwa wazi. Malaria ina mpango wake, gari lake na fedha zake. Kichocho kina vyake. Lishe ina vyake. Kila mpango huhesabu mafanikio yake kwa vyandarua vilivyogawiwa au vidonge vilivyomezwa. Mtoto wa Kambu ana wengu mmoja tu, na wengu huo hupokea yote kwa pamoja. Ushahidi kwamba chandarua ni sehemu ya tiba ya kichocho mahali kama pale umekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Ni haki kuuliza kwa nini muuguzi anayegawa dawa za minyoo shuleni hafundishwi kupapasa tumbo, au kuuliza mtoto analala wapi.

Pana hatua zilizopigwa. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wapewe prazikwanteli kuanzia umri wa miaka 2, ilhali kwa muda mrefu dawa hiyo ilikuwa ikitolewa hasa kwa wanafunzi. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kidonge chake ni kikubwa na kichungu, kwa hiyo kimetengenezwa cha wadogo, kiitwacho arpraziquantel, kinachoyeyuka katika maji. Majaribio yake ya mwisho yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 shirika la dawa la Ulaya lilikitolea maoni ya kukikubali. Dawa zote mbili zina kasoro moja: huua minyoo iliyokomaa, wachanga wakapona. Mtoto aliyeingia mtoni majuma machache kabla ya kumeza dawa anaweza kubaki na minyoo wanaokua, na ndiyo maana hutibiwa tena na tena, na ndiyo maana choo na maji ya bomba vinahitajika pale Kambu kama vidonge vinavyohitajika.

Sehemu ya 3, wiki ijayo, itahusu kisukari na kifua kikuu: kwa nini mtu mwenye sukari nyingi katika damu yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hadi 3 zaidi ya asiye nayo, na nini hutokea maradhi hayo mawili yanapotibiwa pamoja.