Upasuaji wa Glakoma kwa Watoto Wachanga

Glakoma ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa za kuona kutoka kwenye jicho hadi ubongoni, na kwa kuwa mara nyingi uharibifu huo huenda pamoja na kupanda kwa shinikizo la ndani ya jicho, watu wengi wa Afrika Mashariki wameuzoea kwa jina la presha ya macho na kuuhesabu miongoni mwa maradhi ya utu uzima. Wapo, hata hivyo, watoto wanaozaliwa nao au wanaoupata katika miezi ya mwanzo ya maisha, na kwao mpangilio wa tiba hugeuka kabisa: mtu mzima kwa kawaida huanzishiwa dawa ya matone na kisu huwekwa akiba, ilhali kwa mtoto kisu ndicho tiba yenyewe, na matone hutumika tu kushikilia hali mpaka siku ya kuingizwa katika chumba cha upasuaji.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika umbo la jicho. Nyuma ya konea, ambayo ni kioo angavu cha mbele, kuna majimaji safi yanayotengenezwa usiku na mchana na tishu iliyojificha nyuma ya irisi, yaani lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Majimaji hayo huzilisha konea na lenzi, ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia pembe ambamo irisi na konea hukutana. Hapo pana tishu yenye vitundu vidogo mno ifanyayo kazi ya chujio, na nyuma ya chujio hilo umo mfereji mwembamba uitwao mfereji wa Schlemm, unaoyarudisha majimaji katika damu. Kwa mtoto mwenye glakoma ya kuzaliwa nayo, pembe hiyo haikukomaa ipasavyo alipokuwa tumboni, kwa hiyo majimaji hutengenezwa kama kawaida lakini njia ya kutokea imebana, na shinikizo hupanda. Kasoro ni ya kimaumbile na iko mahali mahususi, ndiyo maana dawa haiwezi kuimaliza.

Ukuta wa jicho la mtu mzima ni mgumu, lakini ule wa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 3 hivi bado ni laini, na shinikizo likizidi hutanuka mithili ya ngozi mbichi inapowambwa kwenye ngoma. Kipenyo cha konea ya mtoto aliyezaliwa karibuni ni takriban milimita 10. Ikizidi 11 daktari hushuku, na ikipita 12 kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, shaka huwa kubwa sana. Kadiri konea inavyovutwa, utando wake wa ndani hupasuka kwa mistari inayojulikana kwa jina la Otto Haab, daktari wa Uswisi aliyeieleza, na kupitia mipasuko hiyo maji huingia ndani ya konea yenyewe, ikapoteza uangavu wake na kuwa na ukungu wa rangi ya buluu au kijivu. Ndipo mtoto anapoonyesha dalili tatu zinazokwenda pamoja: machozi yasiyokatika, kuogopa mwanga hata akaficha uso kifuani mwa mama, na kufumba kope kwa nguvu.

Bahati mbaya ni kwamba kila moja ya dalili hizo ina maelezo mepesi yanayoweza kumtuliza mzazi. Macho makubwa ya mtoto husifiwa kuwa mazuri, machozi hudhaniwa ni ya mfereji wa machozi ulioziba, na wekundu huambiwa ni maambukizi, mtoto akapewa mafuta ya antibiotiki wiki baada ya wiki. Mfereji wa machozi ulioziba kweli ni tatizo la kawaida zaidi, lakini haumfanyi mtoto aogope mwanga wala haukuzi jicho wala hautii konea ukungu, na tofauti hii ni rahisi kuifundisha kiasi kwamba inastahili kujulikana na kila muuguzi anayempima mtoto uzito kliniki. Katika takriban robo tatu ya watoto ugonjwa hushika macho yote mawili. Pale unaposhika jicho moja tu, kutofautiana kwa ukubwa huonekana upesi.

Hadi miaka ya 1930 watoto wengi wa namna hii waliishia kuwa vipofu, na kitabu kikubwa kuhusu maradhi hayo kilichotolewa mwaka 1939 na J. Ringland Anderson, daktari wa Australia, kilikuwa na matumaini machache sana. Mwitaliano Carlo de Vincentiis alikwisha kujaribu mwaka 1893 kukata pembe ya jicho, lakini alikata bila kuiona, kwa sababu mwanga utokao katika pembe hiyo hugonga konea na kurudi ndani badala ya kumfikia mtazamaji. Otto Barkan, daktari wa San Francisco nchini Marekani, ndiye aliyeweka juu ya konea lenzi maalumu inayouwezesha mwanga huo kutoka, na katika maandishi yake ya mwaka 1942 akaeleza jinsi upasuaji huo, uitwao goniotomia, ulivyoweza kuokoa macho ya watoto. Barkan aliamini kwamba upo utando mwembamba uliolifunika chujio na kwamba kisu chake kiliupasua. Wataalamu waliochunguza tishu hizo kwa hadubini katika miongo iliyofuata hawakuupata, bali walikuta chujio lenyewe ni nene na limebanana. Maelezo yake yalibadilishwa, upasuaji wake ukabaki, na hadi leo unafanywa kwa namna ile ile katika mambo ya msingi.

Mtoto hulazwa usingizi kamili, baada ya maziwa ya mama kusimamishwa kwa muda wa saa 4 hivi ili yasipande na kuingia kwenye mapafu. Kwanza daktari hupima shinikizo, kipenyo cha konea na hali ya mshipa wa fahamu, kisha huingiza kisu chembamba kama sindano kupitia ukingo wa konea, hukivusha juu ya irisi hadi upande wa pili, na kwa kuangalia kupitia lenzi hukata chujio kwa kina kidogo sana, kwa urefu wa karibu theluthi moja ya mzunguko. Irisi huonekana ikirudi nyuma, na mara nyingi damu kidogo hutoka mferejini, jambo ambalo ni dalili njema. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Sehemu ngumu zaidi ya siku hiyo huweza kuwa ya mtaalamu wa usingizi, kwani mapafu na moyo wa kichanga havivumilii makosa.

Goniotomia ina sharti moja, nalo ni kuwa konea iwe angavu kiasi cha kumwezesha daktari kuiona pembe. Konea ikiwa na ukungu mzito, huchaguliwa trabekulotomia, ambayo Redmond Smith wa London na Hermann Burian wa Marekani waliieleza mwaka 1960, kila mmoja kwa njia yake: daktari huufikia mfereji wa Schlemm kutoka nje kupitia ukuta mweupe wa jicho, huingiza ndani yake kijiti chembamba cha chuma au uzi, na kukisukuma kuelekea ndani hadi chujio lipasuke. Kwa mtoto aliyegunduliwa kati ya mwezi wa 3 na wa 12, upasuaji wa aina hizi mbili hufaulu katika macho mengi, ingawa baadhi huhitaji kurudiwa. Kwa aliyezaliwa na jicho lililokwisha kuvimba, matarajio ni madogo zaidi.

Aina hizo mbili za upasuaji zikishindikana, hutengenezwa njia mpya kabisa ya kupitishia majimaji hadi chini ya ngozi nyembamba ifunikayo weupe wa jicho, upasuaji uitwao trabekulektomia, au hupandikizwa kijimrija cha plastiki. Mwili wa mtoto huponya vidonda upesi, na hapa sifa hiyo huwa kikwazo, kwa kuwa kovu huiziba njia mpya. Hivyo madaktari hutumia mitomaisini, dawa ya saratani inayozuia kovu, wakijua kwamba inaacha ukuta mwembamba unaoweza kupitisha vijidudu hata baada ya miaka mingi.

Katika Afrika Mashariki upasuaji huu si jambo geni. Matokeo ya goniotomia katika ukanda huu yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la kimataifa la macho. Kinachowakwamisha watoto wengi ni kufika hospitalini kwa kuchelewa, na hasara hiyo haiwezi kufidiwa na ustadi wowote wa mkono, kwa maana nyuzi za mshipa wa fahamu zilizokufa hazioti tena. Anayewahishwa, kinyume chake, huweza kupata nafuu ambayo mtu mzima haipati kwa urahisi: shinikizo likishuka, shimo lililochimbika kwenye kichwa cha mshipa huo hupungua.

Shinikizo kushuka si mwisho wa kazi. Jicho lililotanuka huona karibu tu na kwa picha iliyopinda, na ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo pekee, kwa hiyo mtoto huhitaji miwani mapema, pengine hata kabla hajaanza kutembea, na kuzibwa jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Atapimwa maisha yake yote, kwani shinikizo huweza kupanda tena baada ya miaka ya utulivu, na nauli ya safari hizo ni sehemu ya tiba sawa na kisu.

Familia nayo ina haki ya kujua chanzo. Mwaka 1997 watafiti waliitambua kasoro ya urithi katika jeni iitwayo CYP1B1, ambayo huleta ugonjwa pale mtoto anapoirithi kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe huwa wazima. Ndiyo maana Saudi Arabia, ambako ndoa za ndugu ni nyingi, hupata mtoto mmoja katika kila 2,500 hivi, ilhali katika nchi za Magharibi ni mmoja katika 10,000 hadi 20,000. Wazazi wawili wenye kasoro hiyo hukabiliwa na uwezekano wa robo moja katika kila mimba, na kwa sababu hiyo kila mdogo wa mtoto mgonjwa anapozaliwa, anapaswa kupelekwa kwa daktari bingwa wa macho katika wiki zake za kwanza, hata kama macho yake yanaonekana hayana lolote.