Mtoto Aliyebadilika Darasani: Tumwelewe Kabla ya Kumwadhibu



Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu anapoanza kusinzia darasani, kupigana au kutoroka shule, wengi wetu husema amekosa adabu. Pengine ni kweli. Lakini pengine anabeba mzigo asioweza kuueleza kwa maneno. Makala haya yanafafanua jinsi shule inavyoweza kutambua mahitaji ya kijamii na kihisia ya wanafunzi, jinsi ya kuwasaidia, na wakati ambapo suala lao linapaswa kufikishwa polisi.

Mbuya na mipakani: mzigo mmoja

Mbuya ni kilima cha mashariki mwa Kampala, katika Divisheni ya Nakawa. Juu yake kuna kambi ya jeshi. Bondeni kuna Kinawataka, mtaa wa wananchi wa kipato kidogo. Ingawa kilima hicho kiko mbali na mpaka, yanayotukia mpakani huwafikia watoto wake. Tangu Novemba 30, 2021, Uganda na Kongo zilipoanzisha Operesheni Shujaa dhidi ya waasi wa ADF, familia nyingi za askari zimeishi na mzazi aliye mbali. Mtoto wa askari hubadili shule mzazi anapohamishwa. Mtoto wa mchuuzi huhama kodi ya nyumba inapomshinda mzazi. Wote wawili huingia darasani wakiwa wageni, bila rafiki wala mwalimu ajuaye walivyokuwa zamani.

Wakazi wa mipakani wanaujua mzigo huu, na wapo walioubeba kwa uzito zaidi. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wilayani Kasese. Watu wasiopungua 42 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Jeraha la usiku ule halikuishia kwa walionusurika. Liliwafikia ndugu zao, majirani zao, na watoto wa shule nyingine waliosikia habari ile kisha wakatakiwa kurudi kulala bwenini.

Tathmini ni nini?

Tathmini si mtihani wala hukumu. Ni kukusanya habari kutoka pande tatu: kwa mwalimu, kwa mzazi na kwa mtoto mwenyewe. Mtoto anaweza kuwa mtulivu shuleni, kumbe usiku huamka akipiga kelele. Upande mmoja pekee hautoshi.

Chombo kimoja kinachotumika katika nchi nyingi ni dodoso lenye sentensi 25, lililotungwa na daktari wa Uingereza, Robert Goodman, mwaka 1997. Linaangalia mambo matano: hisia, mwenendo, utulivu na umakini, uhusiano na wenzake, na moyo wa kuwasaidia wengine. Mwalimu na mzazi hulijaza. Mtoto wa miaka 11 na zaidi anaweza kujijazia. Dodoso halitaji ugonjwa. Linaonyesha tu nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Shule isiyo na dodoso hilo ianze na daftari na maswali manne:

1. Badiliko lilianza lini?
2. Linatokea wapi, na saa ngapi?
3. Nini kilitokea nyumbani au kijijini kabla yake?
4. Mtoto anamwamini nani?

Dalili zikidumu kwa wiki kadhaa na kumzuia mtoto kusoma, kula au kulala, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Akizungumzia kujidhuru au kufa, asisubiri kesho.

Msaada huanzia karibu

Msaada mwingi hauhitaji fedha. Mtoto mgeni apewe mwenzake wa kukaa na kutembea naye. Ratiba ya shule iwe thabiti, kwa maana mtoto aliyetishwa hutulia anapojua kitakachofuata. Mwalimu mlezi awe na saa inayojulikana na mahali pa kuzungumza pasipo masikio ya wengine. Mzazi naye asiitwe shuleni kwa lawama tu.

Kiboko si msaada. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Nidhamu haipotei kiboko kinapowekwa chini: utafiti uliofanywa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa walimu wakifundishwa njia nyingine za kurudi watoto, ukatili wao kwa wanafunzi hupungua kwa kiasi kikubwa.

Panapohitajika mtaalamu, wakazi wa Mbuya wana Hospitali ya Taifa ya Butabika jirani yao. Wa mipakani wanaweza kuuliza kitengo cha afya ya akili katika hospitali za rufaa za mikoa, kama vile Fort Portal, Kabale, Mbale na Arua.

Polisi waingie lini?

Mwalimu akiona dalili za kipigo, unajisi, vitisho au mtoto kushawishiwa kujiunga na makundi yenye silaha, sheria inamtaka atoe taarifa. Amsikilize mtoto mara moja, aandike maneno yake kama alivyoyasema, asimhoji kama mpelelezi, wala asimkutanishe na mtuhumiwa. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Taarifa ipelekwe Idara ya Ulinzi wa Mtoto na Familia katika kituo cha polisi, au kwa simu ya bure ya Sauti, namba 116. Kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi au fedha ni kumwacha mtoto mikononi mwa aliyemuumiza.

Pamoja na hayo, daftari la mwalimu mlezi si jalada la upelelezi. Mpakani wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akisema baba hayupo nyumbani, au kwamba wamevuka mpaka usiku, ataigeuzia familia yake matatizo. Hofu hiyo ikitawala, mtoto hunyamaza, na hatari ya kweli hufichika pamoja na mengine yote. Mtoto anayeomba faraja asigeuzwe mtoa habari, na maofisa wetu wanatakiwa kuliheshimu hilo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi, walimu, wenyeviti wa LC1 na polisi, kila mmoja ana sehemu katika malezi hayo. Muhula huu, kila shule imtaje mwalimu mlezi wake mbele ya wazazi, nao wazazi wamjue kwa jina na kwa sura.