Ardhi, Mikono na Mtaji: Utangulizi wa Uchumi wa Shamba

Mwaka 1947, huko Kongwa katika nchi ya Wagogo, Serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori ili ilime karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kupikia yalipatikana kwa mgao, na wakubwa wa London waliamini kwamba Tanganyika ingewatoa katika dhiki hiyo. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu, kuanzia Kongwa hadi Urambo na Nachingwea. Fedha zilikuwepo. Yaliletwa matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, na vifaru viligeuzwa kuwa mitambo ya kilimo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizolimwa hazikufika 10,000. Mibuyu ilivunja mitambo na mvua ikakatika. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zilizokomaa hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotelea porini.

Nimeanza na Kongwa kwa sababu wengi wanaoingia katika somo hili huja na jibu mkononi: mkulima wetu ni maskini kwa kuwa hana mtaji, basi apewe trekta na mkopo, atainuka. Kongwa ilipewa mtaji ambao hakuna wilaya ya Tanganyika iliyowahi kuuona. Ilichokosa ni mizani. Mashine zilikuwa nyingi kuliko mafundi wa kuzitengeneza, na haraka ilikuwa kubwa kuliko ujuzi wa udongo na mvua za mahali pale. Uchumi wa shamba ni elimu ya mizani hiyo: namna ya kuoanisha ardhi, nguvukazi na mtaji ili kila kimoja kipate kazi kwa wenzake. Karibu sana.

Maana ya maneno hayo matatu haitatuchelewesha. Ardhi ni zaidi ya ukubwa wa eneo. Ndani yake mna rutuba, maji, mteremko, umbali wa kwenda sokoni, na haki ya anayeilima kubaki juu yake. Nguvukazi ni mikono pamoja na ujuzi ulio kichwani mwa mwenye mikono hiyo. Mtaji ndio unaoeleweka vibaya zaidi, kwa kuwa watu wakiusikia hufikiria noti. Jembe ni mtaji, na vilevile mbegu, dume la kukokota plau na ghala. Mkahawa nao ni mtaji: anayeupanda hutoa jasho leo kwa ajili ya mavuno yatakayoanza baada ya miaka mitatu hivi. Mfugaji wa Usukuma mwenye ng'ombe thelathini asiye na shilingi mfukoni ana mtaji, ila umesimama kwa miguu minne.

Swali linaloongoza kitabu hiki ni hili: kipi kimepungua, na lini? Neno "lini" lina uzito sawa na neno "kipi". Chukua mkulima wa mahindi wa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma au Ruvuma. Novemba hukwamishwa na fedha, kwa kuwa mbegu na mbolea hununuliwa wakati ambao mavuno yaliyopita yamekwisha. Januari hukwamishwa na mikono. Julai anakwamishwa na ghala na subira: mahindi yamejaa, bei iko chini, na ada za shule zinadaiwa. Atakayempa mkopo Januari ili anunue mbolea ya kupandia amempa kitu sahihi katika mwezi usio wake. Nimeona miradi mingi ikianguka kwa sababu hiyo peke yake, na sidhani kuna kosa la mipango ya kilimo linalorudiwa mara nyingi kuliko hili.

Januari inastahili tuitazame kwa utulivu. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, unapata mashina karibu 18,000. Kila shina linahitaji kupaliliwa, na kwa kawaida mara mbili. Palizi ya kwanza haisubiri: ikipita wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, magugu huwa yamekwisha kula chakula cha mmea mchanga, na mbolea utakayomwaga baadaye itayanenepesha yenyewe. Ndiyo maana mwenye jembe la mkono hulima ekari mbili akaachia hapo, hata kama kijiji kina mapori yasiyo na mwenyewe. Mgeni humwona mvivu. Mwenyewe amehesabu mikono yake na kujua mahali inapoishia.

Fikiria sasa nyumba ambayo unga umekwisha Januari hiyohiyo. Baba na mama wanakwenda kufanya kibarua cha palizi katika shamba la mwenye uwezo, walipwe debe la mahindi au fedha za siku ile. Shamba lao linangoja. Wanapolirudia, magugu yamefika magotini, mavuno yamepungua, na mwaka ujao unga utakwisha Desemba. Hapa hapajakosekana bidii. Upungufu wa chakula, ambacho nacho ni mtaji wa msimu, umegeuka kuwa upungufu wa nguvukazi, na huo umeharibu ardhi iliyokuwa nzuri. Gunia moja la akiba lingeweza kukata mnyororo huo. Ukielewa nyumba hiyo, umeelewa nusu ya kitabu hiki.

Mrusi Alexander Chayanov, katika kazi yake ya mwaka 1925, ndiye aliyetufundisha kuitazama nyumba ya mkulima kwa namna hii. Alisema kwamba familia hailimi kama kampuni. Haina mshahara wa kulipa. Inapima uhitaji wa vinywa vilivyo nyumbani dhidi ya uchovu wa mikono iliyopo. Nyumba yenye watoto wengi wadogo huwafanya watu wazima wachache wafanye kazi kupita kiasi, na watoto wakikua mzigo hupungua. Theodore Schultz, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliandika mwaka 1964 kwamba wakulima wa jadi ni maskini lakini hawafuji walichonacho. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ila wote wawili waliiona nyumba kama mtu mmoja mwenye nia moja. Anayepalilia, anayeuza na anayeshika fedha mara nyingi ni watu tofauti, na katika mashamba yetu mengi anayepalilia ni mama. Akilima shamba la kahawa ambalo mapato yake hayaoni, kisha akalazimika kutafuta chakula cha watoto kwenye kishamba chake jioni, hesabu ya nguvukazi ya nyumba hiyo haiwezi kuandikwa kwenye safu moja.

Upande mwingine wa mizani ni Kilimanjaro. Huko ardhi ndiyo haba. Kihamba cha Mchagga, ambacho mara nyingi hakizidi ekari mbili, kimepandwa kwa ghorofa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na mboga na magimbi karibu na udongo. Ng'ombe hufungwa zizini. Majani hubebwa kutoka shamba la tambarare, na samadi hurudi migombani. Maji yalishushwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya ukoo. Ester Boserup, Mdenishi aliyeandika mwaka 1965, alieleza kwamba watu wanapobanana, hulima kwa nguvu na akili zaidi palepale walipo. Kihamba kingeweza kuwa ushahidi wake wa kwanza. Lakini kina kikomo. Ekari mbili zikigawanywa kwa wana watatu, kisha kwa wajukuu, hufika mahali ambapo hata ghorofa ya tano haitoshi. Vijana huhama, na kihamba kilichokuwa na mikono mingi juu ya ardhi ndogo hubaki na wazee wawili. Upungufu umehama kutoka kwenye ardhi hadi kwenye nguvukazi, ndani ya uzio uleule.

Kanuni moja lazima uishike mapema, nayo ni ya kupungua kwa nyongeza. Nitatumia hesabu ya kubuni. Tuseme mfuko wa kwanza wa mbolea katika ekari unakuongezea magunia manne, wa pili matatu, wa tatu moja. Ikiwa mfuko mmoja unauzwa kwa bei ya magunia mawili, wa kwanza umekupa faida ya magunia mawili, wa pili faida ya gunia moja, na wa tatu umekutia hasara ya gunia zima, ingawa mavuno yameongezeka. Shamba linalotoa mavuno mengi kuliko yote kijijini linaweza kuwa linakula fedha za mwenyewe. Simama pale ambapo nyongeza ya mwisho inalipa gharama yake. Kanuni hiyohiyo inahusu kibarua wa ziada na ekari ya ziada.

Kuhusu haki ya ardhi nitasema machache hapa, maana imepewa sura yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua umiliki wa kimila na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kutumia ardhi. Mtu asiye na uhakika wa kubaki hapandi mti wala hachimbi matuta ya kuzuia mmomonyoko. Huvuna kilicho juu akaondoka. Kwa hiyo hatimiliki ya kimila hugusa mtaji na nguvukazi hata pale ambapo benki haijaipokea kama dhamana.

Tatizo la Julai, la kuuza mazao bei ikiwa chini, nalo limejaribiwa kutibiwa. Sheria ya Stakabadhi Ghalani ilipitishwa Tanzania mwaka 2005, na mfumo huo ukaingia kwenye korosho za Mtwara mwaka 2007. Wazo lake ni jema: mkulima aweke mazao ghalani, apewe stakabadhi, asubiri mnada badala ya kuuza kwa haraka. Ugumu unakuja malipo yanapochelewa, kwa sababu mikorosho inahitaji salfa dhidi ya ubwiriunga kwa wakati wake, na ugonjwa haujui tarehe ya malipo.

Turudi Kongwa. Wilaya hiyohiyo leo ina soko la Kibaigwa, kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma, moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini. Mahindi mengi yanayofika pale yametoka kwa wakulima wadogo wanaoijua mvua ya kwao.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, naomba ufanye jambo moja. Mtafute mkulima unayemfahamu, hata akiwa mama yako mzazi, umuulize msimu uliopita alikwama mwezi gani na alikosa nini. Andika jibu lake kwa maneno yake. Njoo nalo, tutalitumia kuanzia ukurasa wa kwanza.